Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Mbichi

Machi 2022 jirani yangu hapa Kituntu aliuza kahawa yake ikingali kijani mtini. Jina lake nalihifadhi. Ni mtu mzima, ana kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na baba yake, na kule bondeni alikuwa amepanda ekari moja ya mahindi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani ya chini yameanza ule umanjano unaotokea kwenye ncha na kufuata mshipa wa katikati kurudi shinani. Mkulima akiuona hahitaji bwana shamba. Mmea una njaa, unataka yuria, na unaitaka wiki hiyo hiyo.

Alikwenda mjini Kayanga na pesa ya mfuko mmoja, kwa bei aliyoizoea. Dukani akaambiwa mfuko wa kilo 50 umevuka shilingi laki moja. Akarudi mikono mitupu, na jioni ya siku ya pili kijana mmoja mnunuzi wa butura, yaani kahawa inayouzwa ingali mtini, akapiga hodi, daftari kwapani.

Nilikuwepo. Kijana alisalimia vizuri, akakaa, akanywa maji. Kuhusu kahawa hakuuliza kitu. Aliuliza, "Mzee, mahindi yanaendeleaje?" Jirani yangu akamweleza yote, mpaka siku zilizobaki kabla mahindi hayajaharibika. Basi wakazunguka kibanjani wakishika matawi, wakakubaliana magunia matatu ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, yatoke mavuno ya Juni. Bei haikufika nusu ya ile ya msimu uliopita. Pesa ilihesabiwa juu ya jamvi kwa mwanga wa simu, nami nikaombwa niwe shahidi. Nikatia sahihi. Butura imepigwa marufuku na serikali, na mimi nilijua, na nikatia sahihi. Ndiyo maana naandika.

Kwa muda mrefu nilidhani aliyemponza ni yule kijana. Siku hizi nadhani swali lake linaeleza mengi kuliko mwenyewe alivyofikiri, kwa sababu nimefuatilia yuria ile ilikotoka na nimemkuta muulizaji huyo huyo mbali sana na hapa.

Yuria hutengenezwa kwa gesi asilia. Haidrojeni ya gesi huunganishwa na naitrojeni ya hewani kuwa amonia, na amonia ndiyo huzaa zile punje nyeupe. Gesi ndiyo gharama kubwa kuliko zote kiwandani. Ikipanda, mwenye kiwanda huchagua kuuza kwa bei kubwa au kufunga. Septemba 2021 kampuni ya Yara ilisimamisha takriban asilimia 40 ya uzalishaji wake wa amonia Ulaya, na miezi ile ile China ikaanza kubana yuria isitoke nje. Februari 24, 2022, Urusi, muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, ikaivamia Ukraine. Wiki chache baadaye jirani yangu alikuwa amesimama mbele ya kaunta Kayanga.

Vijiweni watu waliuliza: Mtwara si tuna gesi? Ni swali la haki. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikafika Dar es Salaam kwa bomba 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la Mtwara likakamilika 2015. Hiyo huendesha mitambo ya umeme na viwanda kwa mikataba ya miaka mingi, na hatukuona bei yake ikirukaruka kama ya Ulaya. Gesi ya mtungi tunayopikia ni kitu kingine kabisa: huja kwa meli kutoka nje na hufuata bei ya nje. Kiwanda cha kugeuza gesi yetu kuwa yuria tulikuwa hatuna. Kina kirefu cha bahari yetu ya kusini kimelaza akiba kubwa zaidi, na yote pamoja inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Lakini gesi iliyo chini ya bahari ni kama kahawa iliyo ua. Mtu akija usiku na shida yake, huwezi kumpimia.

Hapo ndipo Ulaya ilipokwama, licha ya utajiri wake wote. Mei 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona, gesi katika soko la jumla la Uholanzi, ambalo bei yake hutazamwa na Ulaya nzima, iliuzwa chini ya euro 5 kwa megawati-saa. Ilikuwa bei ya kutupa, na wengi wakaizoea. Majira ya baridi yaliyofuata yakawa makali, maghala yakatumika sana, na kiangazi cha 2021 hayakujazwa ipasavyo. Kampuni ya Urusi ya Gazprom, ambayo baadhi ya maghala yale ilikuwa inayamiliki yenyewe, iliyaacha karibu matupu. Waliotegemea kununua kila siku kwa bei ya siku wakaanza kuulizana nani ana akiba.

Wengi hukosea hapa. Hudhani gesi ikipungua sehemu moja ya kumi, bei nayo itapanda sehemu moja ya kumi. Haiwi hivyo. Mwenye nyumba hawezi kuacha kujikinga na baridi, hospitali haiwezi kuzima taa. Gesi ikipungua kidogo, lazima mtu fulani akose, na kila mmoja huongeza dau asiwe yeye. Dau la yule anayeogopa kuliko wote, aliyebaki mwisho kabisa, ndilo huwa bei ya wote, hata ya mita ya ujazo iliyochimbwa kwa gharama ndogo mno. Mahitaji nayo yaliongezeka kutoka pande ambazo hazikutazamiwa: Agosti 2022 zaidi ya nusu ya vinu 56 vya nyuklia vya Ufaransa vilikuwa vimezimwa, na ukame ulikuwa umekausha mito inayozalisha umeme. Ugavi nao ulipungua: Juni moto ulikuwa umefunga kituo cha Freeport kule Texas, kinachopakia gesi melini.

Mwaka huo huo Ulaya ikafanya jambo la lazima lakini la hatari. Ilitunga sheria kwamba maghala yajae asilimia 80 ifikapo Novemba 1, na ikaitangaza. Kila muuzaji duniani akajua mnunuzi huyu atanunua, kiasi gani, na mwisho wake lini. Mzee, mahindi yanaendeleaje? Agosti 26, 2022, bei ilikaribia euro 340 kwa megawati-saa, zaidi ya mara sitini ya ile ya Mei 2020.

Ulaya ililipa kwa sababu ilikuwa nacho cha kulipa. Pakistan ilitangaza Julai mwaka huo kuwa inataka meli kumi za gesi, na hakujitokeza muuzaji hata mmoja. Watu wake wakakaa gizani wakati meli zikielekea kwa wenye dau kubwa. Hilo linaniuma kuliko tarakimu zote nilizozitaja, maana katika foleni ya dunia Kituntu imesimama karibu na Pakistan kuliko ilivyo karibu na Ujerumani.

Oktoba maghala ya Ulaya yalijaa. Meli zikapanga foleni nje ya pwani ya Hispania zikitafuta pa kushushia, na Oktoba 24 katika soko lile la Uholanzi kuna saa ambayo bei ilishuka chini ya sifuri. Gesi ilikuwa ile ile, vita bado vilikuwa vikiendelea. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mnunuzi sasa aliweza kungoja.

Kwetu, Agosti 8, 2022, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea kule Mbeya. Yuria iliyokuwa zaidi ya shilingi 120,000 ikauzwa karibu 70,000. Jirani yangu aliisikia habari hiyo redioni. Mahindi yake yalikuwa yameshavunwa, mengi kiasi, simlaumu kwa kuyaokoa. Magunia matatu ya maganda yalikuwa yameshaondoka. Yule kijana aliyachota mwenyewe juu ya turubai, akiyatikisa mkononi asikie kama yamekauka, na mke wa jirani yangu akawa anafagia zilizomwagika, punje kwa punje, kuzirudisha kwenye fungu lililobaki. Fungu lenyewe halikutosha ada ya mtoto wa pili.

Tangu mwaka huo wamechimba shimo la samadi nyuma ya zizi, na mahindi huanza kulishwa kutoka humo. Mbolea ya dukani hununuliwa Julai, kahawa ikishalipwa, miezi kabla ya mtu yeyote kuihitaji. Gunia moja la maganda halipelekwi chama cha ushirika pamoja na mengine. Limesimama chumbani kwao, juu ya mawe mawili lisipate unyevu, na mgeni aliyekaa sebuleni halioni.