Siku Tisa za Uongo na Awamu ya Pili



Majibu ya awamu ya kwanza yalinikuta kisimani, ndoo bado haijajaa. Nilikuwa nimeomba vyuo vitatu. Nikafungua akaunti ya kwanza: hujachaguliwa. Ya pili: hivyo hivyo. Ya tatu: hujachaguliwa, unaweza kuomba tena awamu ya pili. Nikazima data, nikawasha, nikafungua upya, eti labda mtandao una shida. Maneno yakawa yale yale.

Kwenye grupu letu la kidato cha sita wenzangu walikuwa wanatupia picha za majina yao. Huyu ualimu, yule uuguzi, mwingine amepata vyuo viwili anauliza namna ya kuthibitisha kimoja. Nikaandika "Hongereni sana", nikaweka simu mfukoni.

Nyumbani Mama akaniuliza, "Majibu vipi, mwanangu?"

"Bado hayajatoka, Mama."

Uongo huo niliuishi siku tisa.

Kwetu ni kijiji kimoja hapa Chamwino, na kijijini watu wanajuana. Mama alikuwa ameuza mbuzi wawili, hela akaiweka pembeni kwa ajili ya nauli na godoro la chuoni. Ningemwambiaje? Jumamosi tukaenda jumuiya. Ulipofika wakati wa maombi, Mama akasema tumwombee mtoto wetu, majibu yake yamechelewa. Watu wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia nao. Wazee wa watu walikuwa wamepiga magoti kwenye vumbi wakiniombea juu ya jambo nililowadanganya. Sijawahi kujisikia vibaya namna ile.

Jumuiya yetu iko chini ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na sikukuu yake ni tarehe 1 Oktoba. Siku hiyo hiyo mwenyekiti akanipa kazi: "Wewe umesoma, utatusomea maisha ya somo wetu." Nikachukua kitabu kwa shingo upande. Nilidhani nitakutana na maua ya waridi tu. Kumbe nilikuwa naenda kukutana na mtu aliyeambiwa "subiri" kuliko mimi.

Mwaka 1887 Teresia alikuwa na miaka 14 na alitaka kuingia utawa wa Karmeli mjini Lisieux, Ufaransa. Padre msimamizi wa Karmeli akakataa, akaona bado mtoto. Akaenda kwa Askofu, hakupewa jibu. Akafika Roma, na tarehe 20 Novemba akapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII na kumwomba mwenyewe. Papa akamwambia afuate watakavyoamua wakubwa wake, ataingia kama Mungu anapenda. Teresia akaendelea kung'ang'ania pale magotini mpaka walinzi wakamwinua na kumtoa akilia.

Akarudi nyumbani. Alitamani aingie kabla ya Noeli, kwa hiyo kila siku baada ya Misa alikwenda posta na baba yake kuangalia kama barua imefika. Hapo nikacheka peke yangu. Mimi na simu yangu, yeye na posta yake! Noeli ikapita bila barua. Mwaka mpya wa 1888 ndipo akapata habari kwamba Askofu amekubali, lakini akaambiwa asubiri tena mpaka Kwaresima iishe. Aliingia tarehe 9 Aprili.

Kitu kilichonigusa ni ile miezi mitatu ya mwisho. Mwanzoni alijaribiwa kuilegeza, aishi tu hivi hivi kwa sababu si muda wenyewe. Halafu akaamua kuitumia. Hakufanya mambo makubwa: alizuia neno la kujibizana, aliwafanyia watu huduma ndogo bila kujionyesha, alijinyima kupata kila alichotaka.

Basi nikajiuliza: mimi siku zangu za kusubiri nimezijaza nini? Uongo na kununa.

Kesho yake tulikuwa shambani tunaberega, tunakwangua nyasi na mabua makavu kabla ya mvua. Nikamwambia Mama yote. Aliendelea na jembe kama hatua tatu hivi bila kusema kitu. Kisha akaniangalia.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unasubiri peke yako?"

Nililia, jamani. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya mbuzi. Yeye kilichomuuma ni upweke wangu. Akauliza, "Hiyo awamu ya pili mwisho lini?" Siku ile ile jioni tukakaa na mwalimu mmoja jirani, akanionyesha kosa langu: kozi zote tatu nilizojaza zina ushindani mkubwa kwa alama zangu. Nikaomba upya, safari hii kwa akili. Jumamosi iliyofuata nikasimama kwenye jumuiya, nikaomba radhi. Na kwenye kitubio nikaipeleka dhambi hiyo.

Kijana mwenzangu, Bwana wetu mwenyewe akiwa na miaka 12 alikaa kati ya waalimu Hekaluni, na wote wakashangaa akili yake. Sisi tungesema huyu aanze kazi kesho. Yeye akarudi Nazareti na wazazi wake, akawatii, na Injili ya Luka inatuambia alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Miaka ile ya karakana na kuchota maji haikuwa ya kupoteza. Alikuwa Mwana wa Mungu Nazareti kama alivyokuwa Mwana wa Mungu Yerusalemu.

Sikuambii kwamba awamu ya pili lazima utapata. Sijui, na Mungu hajaniahidi chuo. Ninaandika haya nikiwa bado sina jibu. Ila nakuambia mambo matatu. Usisubiri peke yako: mwambie mzazi, mlezi au padre wako ukweli leo. Usiifanye sala iwe badala ya kujaza fomu vizuri. Na siku hizi za katikati usiziache wazi. Kuna bibi anahitaji kuni, kuna mdogo wako haelewi hesabu, kuna shamba. Mama alinifundisha siku ile: mvua ikikukuta hujaberega, utapanda wapi?

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kukaa Nazareti, kaa na sisi tulioambiwa tusubiri. Utuondolee aibu inayotufanya tudanganye, na utupe moyo wa kufanya vizuri kazi ya leo. Amina.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.