Watoto Mbele ya Sanamu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 1:1–8, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 20–25, Danieli 3:1–18, Kutoka 23:2, Mithali 31:8, 9, Danieli 9:3–19.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Lifungueni pamoja na watoto wa nyumbani, mlikariri wote.

Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler aliwekwa kuwa kansela wa Ujerumani. Mtoto aliyeanza shule mwaka ule akiwa na miaka 6 alikuwa na miaka 18 Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Ulaya, Mei 1945. Hakuwahi kusoma chini ya serikali nyingine. Picha ya kiongozi ilitundikwa darasani, na siku ya shule ilianza kwa kunyosha mkono na kulitaja jina lake.

Tunapozungumza habari za siku zile, mara nyingi tunawataja majemadari na wafungwa. Juma hili tutamwangalia mtoto wa Kijerumani, yule ambaye utawala ule ulimtaka awe wake. Tutaona kwamba moyo wa mtoto haukai bila mwalimu. Mzazi akinyamaza, yupo mwingine atakayesema. Na kanisa likinyamaza, mtoto hujifunza hata kutokana na ukimya huo.

JUMAPILI: Shule ya Babeli

Soma Danieli 1:1–8. Mfalme alitumia njia zipi kuwabadili vijana wa Yuda?

Nebukadneza hakuwatia vijana wale gerezani. Aliwapa masomo ya miaka mitatu, lugha mpya, chakula cha mezani pake na majina mapya. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nebukadneza aliifahamu kanuni hiyo, na Hitler pia.

Katika Ujerumani, mvulana wa miaka 10 aliingia katika kundi la watoto la chama, na alipofika miaka 14 akahamia katika Vijana wa Hitler. Wasichana walikuwa na vikundi vyao. Sheria ya tarehe 1 Desemba 1936 ilitaka vijana wote wa nchi walelewe humo, na Machi 1939 kuingia kukawa lazima. Hata somo la hesabu lilitumika. Watoto walipewa kukokotoa fedha ambazo taifa lilitumia kuwatunza wagonjwa wa akili. Mtoto alipata jibu sahihi, akawekewa alama ya vema, akarudi nyumbani akiwa amejifunza kumwona mgonjwa kuwa ni hasara.

Tafakari: Danieli aliazimu moyoni mwake (fungu la 8) kabla ya kujaribiwa kwa sahani ya mfalme. Azimio hilo alilipata wapi? Je, mtoto wako angelipata wapi?

JUMATATU: Mezani pa Baba

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 20–25. Musa anataja mahali na saa zipi za kumfundisha mtoto? Katika fungu la 20, ni nani anayeanza mazungumzo?

Katika mji wa Ulm aliishi Robert Scholl, baba aliyempinga Hitler waziwazi nyumbani mwake. Hata hivyo watoto wake waliingia katika vikundi vya chama kwa furaha. Huko kulikuwa na nyimbo, safari za miguu, moto wa jioni, sare, na marafiki. Hans, mwanawe, akawa kiongozi wa vijana. Baba alibishana nao sana, wala hawakumsikia. Lakini hakuwafukuza, na hakuacha kusema nao.

Miaka ilipita, nao wakaanza kuyaona kwa macho yao wenyewe yale ambayo baba aliyasema. Mwaka 1942 baba alifungwa gerezani kwa neno alilolisema juu ya Hitler kazini kwake. Mwaka uleule Hans na wenzake walianza kusambaza kwa siri karatasi za kuwaita Wajerumani waukatae uovu, na dada yake Sophie akajiunga nao. Kundi lao liliitwa Waridi Jeupe. Tarehe 22 Februari 1943 Hans na Sophie waliuawa mjini Munich. Hans alikuwa na miaka 24, Sophie 21. Hawakuwa wa kanisa letu, walilelewa katika Ulutheri. Lakini Mungu anao watu wake mahali pengi.

Nyumba nyingine hazikuwa hivyo. Wazazi wengi waliogopa kusema, kwa kuwa neno la mezani, mtoto akilirudia shuleni, lingeweza kumpeleka baba gerezani. Tusiwahukumu upesi. Lakini mtoto wa nyumba iliyonyamaza alibaki na sauti moja tu ya kuifuata.

Tafakari: Musa hamwahidi mzazi kwamba mtoto atakubali siku ileile. Anamwagiza aendelee kusema. Ni mazungumzo gani umeyaacha kwa sababu mtoto alikubishia?

JUMANNE: Wote Walipoinama

Soma Danieli 3:1–18. Ni mambo gani yaliyofanya iwe vigumu kubaki umesimama katika uwanda wa Dura?

Palikuwa na muziki, umati, wakuu wa nchi, na amri yenye adhabu. Mtu mzima hutetemeka mahali kama pale; mtoto je?

Kuanzia mwaka 1934 hadi 1936 serikali ya Ujerumani iliifanya Jumamosi kuwa siku ya vijana ya taifa. Watoto wa miaka 10 hadi 14 waliokuwa katika vikundi vya chama waliachiliwa shuleni waende kwenye mazoezi na michezo. Wasiojiunga walibaki darasani. Fikiria mtoto wa nyumba iliyotunza Sabato. Akienda na wenzake, Sabato imevunjwa. Akikaa darasani, imevunjwa vilevile, tena kila mtu anajua kwamba yeye si mmoja wao.

Katika Danieli 3 tanuru liliwekwa kwa ajili ya waliokataa kuinama. Katika Ujerumani hata watoto walioinama walitupwa ndani yake. Tangu Februari 1943 wanafunzi wa miaka 15 na 16 walitolewa shuleni kuhudumia mizinga ya kutungulia ndege. Mwaka 1944 ukielekea mwisho, wavulana wa miaka 16 waliitwa vitani pamoja na wazee wa miaka 60. Sanamu haimlindi aisujuduye. Mungu wa Shadraka, Meshaki na Abednego aliingia motoni pamoja na watumishi wake.

JUMATANO: Kiti Kilichobaki Kitupu

Soma Kutoka 23:2 na Mithali 31:8, 9. Mafungu haya yanatuagiza nini pale wengi wanapomtenda vibaya mtu asiye na mtetezi?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa kote Ujerumani. Siku chache baadaye, tarehe 15, watoto wa Kiyahudi waliokuwa wamesalia katika shule za serikali walifukuzwa. Penye madarasa hayo, siku iliyofuata kulikuwa na kiti kitupu. Jana yake alikaa pale mtoto aliyeazimana kalamu na jirani yake.

Mtoto wa Kijerumani alirudi nyumbani na swali: yuko wapi mwenzangu? Ndilo swali la Kumbukumbu la Torati 6:20 lililokuja kwa sura nyingine, na jibu lake lilikuwa somo. Aliyeambiwa, “Nyamaza, hayatuhusu,” alijifunza kwamba jirani anaweza kuondolewa bila kuulizwa. Aliyemwona mama akilia alijifunza jambo lingine, hata kama mama hakuweza kusema neno.

Tafakari: Ni kiti gani kilicho kitupu katika kanisa au mtaa wako, ambacho hakuna anayekiulizia?

ALHAMISI: Danieli Alisema “Sisi”

Soma Danieli 9:3–19. Kwa nini Danieli, aliyekuwa mwaminifu tangu ujana wake, anajihesabu pamoja na wakosaji?

Ingekuwa rahisi kumaliza somo hili kwa kuwalaumu wengine. Lakini hatuna budi kusema habari zetu pia. Mwishoni mwa mwaka 1933 kanisa letu lilipigwa marufuku katika Ujerumani, na baada ya siku chache marufuku hiyo ikaondolewa. Hofu ilibaki. Viongozi walitaka kuliokoa kanisa lisifungwe, na katika kufanya hivyo wakajipatanisha na utawala ule. Hata neno “Sabato” likaonekana kuwa la Kiyahudi mno. Pakasemwa “siku ya mapumziko,” na Shule ya Sabato ikaitwa shule ya Biblia. Waumini wenye asili ya Kiyahudi walitengwa na ndugu zao, na wengine wakaondolewa katika ushirika.

Jumuiya iliendelea kukutana kila juma. Mtoto aliyeketi pale aliweza kuyajua mafungu yake vizuri, huku akiona kwamba ndugu mmoja hakaribishwi tena.

Mwaka 2005, miaka 60 baada ya vita, makanisa yetu ya Ujerumani na Austria yalitoa tamko la kukiri makosa hayo na kuomba msamaha. Wengi wa waliokosa walikuwa wamekwisha kulala mautini. Waliokiri walifanya kama Danieli: walisema “sisi.” Toba kama hiyo nayo ni malezi. Mtoto anayewasikia wazee wake wakisema, “Hapa tulikosea,” anapata kitu ambacho shule ya Babeli haiwezi kumpa.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Danieli sura ya 1, 3 na 9 kwa mfuatano. Angalia jinsi kijana aliyeazimu mezani alivyokuwa mzee wa kuungama kwa ajili ya watu wake. Soma pia 2 Timotheo 1:5 na 3:14, 15, uone mkono wa bibi na mama katika imani ya Timotheo.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtoto wako husikia sauti ngapi kwa siku, shuleni, mtaani na katika simu? Je, sauti yako ni mojawapo, au unasikika tu unapomkemea?

2. Mzazi afanyeje pale ambapo kumwambia mtoto ukweli kunaweza kuihatarisha familia? Fikirieni juu ya Yokebedi na mtoto Musa (Kutoka 2:1–10).

3. Kanisa linaweza kulihifadhi jengo na kuupoteza ushuhuda wake. Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba tumeanza njia hiyo?

4. Je, liko kosa la kanisa lenu la mahali ambalo watoto wanalijua, ingawa wazee hawajalitaja? Mnaweza kufanya nini Sabato hii?