Mgongo Unaoinama

Mwaka 1887 mwanafalsafa Friedrich Nietzsche alichapisha kitabu chake juu ya asili ya maadili, na humo akadai kwamba unyenyekevu ni udhaifu uliovikwa vazi la wema: asiyeweza kusimama hugeuza kulala kwake kuwa fadhila. Shutuma hiyo haikuzikwa naye. Inarudi kila kijana anapouliza kwa nini mtu mwenye akili timamu apige goti au arukuu mbele ya Asiyeonekana, na mara nyingi kijana huyo hukemewa badala ya kujibiwa, jambo linalozidi kumpa Nietzsche ushindi. Karne nyingi kabla yake Aristotle alifundisha kwamba katika wanyama wote ni binadamu tu anayesimama wima, kwa kuwa asili yake ina kitu cha kiungu. Ukizikutanisha fikra hizi mbili unapata picha moja: kusimama ni hadhi, kuinama ni kuipoteza. Nadhani picha hiyo ina kosa, na kosa lenyewe linaonekana hata kabla hatujafika kwenye teolojia. Linaonekana katika misuli ya mgongo.

Tuanze na kusimama kwenyewe. Tumezoea kuamini kuwa mifupa ndiyo inayotusimamisha. Mwaka 1961 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Lucas na Bresler, walipima uti wa mgongo wa maiti uliovuliwa misuli yote, ukabaki na pingili, visahani vilivyo kati yake na kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ulipowekewa mzigo juu, ulipinda na kushindwa kwa uzito wa takriban kilo 2 tu, ilhali kichwa cha mtu mzima peke yake kina kilo 4 au 5. Kinachotuweka wima ni misuli: ile mirefu inayopanda pande zote mbili za uti kutoka nyongani hadi shingoni, ile mifupi iliyojificha chini yake ikishikanisha pingili na pingili, ile ya tumbo inayokizunguka kiwiliwili tabaka juu ya tabaka, na kiwambo kinachofunika tumbo kwa juu. Kwa hiyo wima ni kazi, na kazi hiyo inaendelea hata wakati mwenyewe hana habari nayo. Aristotle aliiona heshima ya kusimama, ila hakuwa na njia ya kuona gharama yake.

Sasa mtu huyo ainame. Wengi watasema kuwa misuli ya tumbo ndiyo inayomvuta chini. Hiyo inamwanzishia safari tu. Baada ya hapo nguvu ya mvutano wa dunia inatosha, maana kichwa, mikono na kiwiliwili ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Kama hakuna kitakachouzuia mzigo huo, mtu ataanguka kifudifudi. Kinachouzuia ni misuli ya mgongo na ya makalio, yaani ileile inayomnyoosha. Msuli hauwezi kusukuma, unajua kuvuta tu, lakini unaweza kuvuta huku ukirefuka, ukiuachia uzito ushuke kwa kipimo. Kuinama, basi, hufanywa na nguvu zilezile za kuinuka, zikitumika kwa mwendo mwingine. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha suala hili. Katika miaka ya 1950 Waingereza wawili, Floyd na Silver, walipima umeme wa misuli hiyo, wakakuta kwamba mtu akijikunja mpaka mwisho na kuning'inia, misuli mirefu ya kiunoni hunyamaza karibu kabisa, mzigo wote ukaachiwa kano. Ziko namna mbili za kuwa chini, basi: kuna aliyejishusha akiwa bado anajishika, na kuna aliyejiachia akaning'inia. Kwa mbali wanafanana. Nietzsche alimwona wa pili, akatoa hukumu juu ya wote wawili.

Sala inamtaka wa kwanza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, rukuu (kuinama katika sala) iliyokamilika ni ya mgongo ulionyooka, viganja magotini, pamoja na utulivu. Nyonga ndizo zinazokunjwa, kiuno kinabaki sawa, na kwa hiyo misuli haipati nafasi ya kunyamaza. Sisemi kwamba sharia iliitangulia maabara. Madai ya aina hiyo yanaikosea heshima dini na sayansi pia. Nasema kwamba aliyerukuu hivyo hajazimika. Tena itidali, kurudi wima baada ya rukuu, ni nguzo kama rukuu yenyewe, na anayeiacha makusudi sala yake haikusihi. Wakristo nao wana ushahidi wao: Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza kwamba siku za Jumapili na kipindi chote cha Pentekoste waumini wasali wakiwa wamesimama, wasipige magoti.

Mfuasi wa mwanafalsafa David Hume atanisimamisha hapa: hali ya misuli haiwezi kuzaa wajibu. Ni kweli, na sikudai kwamba msuli unamwamuru mtu amwabudu Mungu. Ila shutuma ya Nietzsche nayo imeegemea picha ya mwili, mwili ulioanguka, na ninachokataa ni picha hiyo. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mgonjwa. Ikiwa unyenyekevu unahitaji nguvu ya kuinuka, tuseme nini juu ya aliyepooza, au yule ambaye pingili zake zimeungana zikawa mfupa mmoja? Imran bin Huswain, aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza Mtume juu ya sala yake, akaambiwa aswali amesimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Wanazuoni wakaendelea hadi ishara ya kichwa, hata ya macho. Hapa inanibidi niseme hoja yangu kwa uangalifu zaidi: haidai wingi wa nguvu, inadai kwamba kiasi kilichopo, hata kikiwa kope tu, kiwe mkononi mwa mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoachana na wahubiri wengi. Mpagazi aliyepindwa na magunia, mtumwa aliyelazimishwa kupiga goti sokoni, mke anayepigwa kisha akahimizwa kuwa mnyenyekevu: hao nguvu zao ziko mikononi mwa wengine, na kushuka kwao hakuna itidali. Kuwasifia hali hiyo kama ibada ni kumpa Nietzsche ushahidi aliokuwa akiutafuta. Mhubiri anayetaka kuwafundisha unyenyekevu ana kazi ya kutanguliza, nayo ni kuuondoa mzigo au mkono uliowekwa juu ya migongo yao. Kabla ya hapo hana njia ya kujua kama walio mbele yake wameinama au wameinamishwa.