Je, Jengo Lisilo na Uzito Halimlemei Mtu?

Kuna mas'ala yanayostahili kufikiriwa na kila mwenye akili, ingawa yametoka mahali ambapo wengi wetu hudhani ni pa mchezo tu. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu akijenga mahali ambapo jiwe halianguki, wala msingi hauhitajiwi, wala fundi hahatarishi maisha yake, je, huwa ameondokewa na wajibu wa mjenzi?

Mahali hapo pako. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya Marekani ilifungua ulimwengu wa kubuni ndani ya kompyuta, uitwao Second Life. Humo mtu hujifanyia umbo la kumwakilisha, akatembea, akaruka, akanunua kiwanja na kujenga. Akiweka ukuta angani hukaa pale pale alipouweka, bila ya nguzo. Hapo kwanza mwisho wa kujenga ulikuwa mita 768. Mwaka 2008 ukapandishwa hata mita 4,096. Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina mita 828. Basi huko mtu hujenga karibu mara tano ya kimo hicho, naye ameketi kitini kwake.

Wako wasemao kuwa hiki ni kiburi tu. Lakini tusifanye haraka kuhukumu, kwani wajenzi hao wana hoja. Wengi hupanda juu ili wasitazamwe na wapitao njia, na ili bustani ya chini ibaki wazi. Katika miji yetu, mtu akiongeza ghorofa huenda akamzibia jirani upepo, au dirisha lake likachungulia uani kwa watu. Aliye mita 3,000 angani hamzibii mtu jua wala hachungulii ua wa mtu. Kwa hoja hii, kupaa kwaweza kuwa ni adabu kuliko kubaki chini.

Hoja hiyo ni nzuri, ila haikutimia. Kwanza, katika ulimwengu huo kila kiwanja kimewekewa idadi ya vipande vya kujengea kwa kadiri ya ukubwa wake. Kipande kilicho mita 4,000 juu huhesabiwa sawasawa na kilicho chini. Mwenye kujenga angani hakutoka katika hesabu ya ardhi.

Pili, na hili ndilo kubwa, eneo zima la mita 256 kwa 256, pamoja na anga yake yote, huendeshwa kwa nguvu moja ya kompyuta, nao majirani wote hushirikiana katika nguvu hiyo. Mmoja akijaza nyumba yake ya juu vitu vyenye amri nyingi za programu, vinavyozunguka na kumetameta bila kupumzika, mwendo wa eneo zima huwa mzito. Jirani wa chini huinua mguu usiinuke, hufungua mlango ukakawia, wala hajui sababu, kwa kuwa nyumba inayomlemea hajapata kuiona.

Hapa ndipo penye jawabu letu. Uzito haukuondoka, bali umehama: umetoka katika jiwe ukaingia katika shingo ya jirani. Tena katika miji ya mawe na chokaa, kosa la mjenzi hujidhihirisha. Ukuta hufanya ufa, na wahenga walitwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mahali pasipo na ufa, ni nani atakayemuonya mjenzi? Hana wa kumuonya ila dhamiri yake. Kwa hivyo, kadiri jengo linavyokuwa jepesi, ndivyo wajibu wake unavyozidi kuwa mzito.

Vijana wetu wengi leo hujenga katika dunia za namna hii, na sisi wazee huwauliza swali moja tu: umepoteza saa ngapi? Swali hilo lina haki yake. Lakini liko jingine lifaalo zaidi, nalo lamfaa kijana mbele ya kompyuta na tajiri mbele ya ramani ya nyumba yake: hiki ulichokiinua, ni nani aliye chini yake anayekibeba?