Dhahabu na Udhuru Wake

Katika filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1967 iitwayo Se sei vivo spara, jambazi mmoja, Oaks, analazwa mezani akiwa amejaa risasi, na watu wa mji wanamzunguka ili atibiwe. Risasi ya kwanza inachomolewa, inatazamwa kwenye mwanga, inatambulika: ni ya dhahabu. Kuanzia hapo hakuna mgonjwa tena pale mezani. Mikono inaingia vidondani kutafuta zilizobaki, na Oaks anafia mikononi mwa waliokuwa wakimtibu. Mwongozaji Giulio Questi aliitengeneza filamu hii kwa fedha kidogo huko Hispania, kama zilivyotengenezwa filamu nyingi za kauboi za Waitaliano miaka ile, na wasambazaji wakaibandika jina la Django ilipouzwa nje, ingawa hamna mtu yeyote anayeitwa Django ndani yake. Filamu ya Sergio Corbucci yenye jina hilo ilikuwa imeuza sana mwaka uliotangulia, basi. (Filamu ya kulaani tamaa inauzwa kwa jina la kuazima bila ruhusa, wafanyabiashara nao wana ucheshi wao.) Mtazamaji mwenye haraka atatoka na methali, tamaa mbele, mauti nyuma, na kuona amemaliza. Methali hiyo haitoshi hapa. Kinachoonyeshwa na Questi ni kwamba tamaa ya dhahabu, ikiachwa peke yake, ina nguvu kidogo kuliko tunavyodhani. Inapata nguvu ya kuangamiza mji mzima pale tu inapopewa udhuru wa haki. Na jambo hilo, kwa maoni yangu, dini zilishalisema mapema sana, ila wahubiri wanapendelea kulipita.

Hadithi yenyewe haina mafumbo. Genge la Wamarekani weupe na Wameksiko linaua askari na kupora dhahabu waliyokuwa wakiilinda. Ulipofika wakati wa kugawana, Oaks na weupe wenzake wanawageuka Wameksiko, wanawachimbisha kaburi lao wenyewe, kisha wanawamiminia risasi. Mmoja hafi. Filamu haimpi jina, na anayemwigiza ni Tomas Milian. Wenyeji wawili wa asili wa Amerika wanamkuta, wanamuuguza, na dhahabu aliyobaki nayo wanaiyeyusha kuwa risasi, kana kwamba ni madini yoyote yale. Wanachokitaka kwake ni habari za nchi ya wafu alikotoka. Anawafuata wauaji wake hadi mji mdogo, na anapofika anakuta karibu wote wameshanyongwa. Raia wema wa mji wamewatambua kuwa ni majambazi, wamewahukumu palepale. Aliyebaki ni Oaks, naye anapigwa kwa zile risasi za dhahabu.

Sasa, kuwanyonga wauaji wa askari kungeweza kuitwa haki: haki ya pupa, isiyo na hakimu wala utetezi, lakini haki. Kinachoipima ni kitu kinachofuata. Mtu akimwadhibu mwizi kwa ajili ya haki, hatua inayofuata ni mali kumrudia mwenyewe. Katika filamu nzima hakuna kinywa kimoja kinachopendekeza dhahabu irudishwe. Templer mwenye baa anaficha, Hagerman mwenye duka anaficha, Sorrow mwenye shamba la ng'ombe na vijana wake waliovaa nguo nyeusi anaidai kwa nguvu, na hata stelingi wetu haelekei kukumbuka kwamba ilikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo ule unyongaji haukuwa hukumu iliyokuja kuharibiwa baadaye na wizi. Ulikuwa ndiyo hatua ya kwanza ya wizi wenyewe: wenye kudai mgao waliondolewa, na kamba ikaitwa sheria. Majambazi nao hawakuweza bila kisingizio. Oaks angeweza kusema tu kwamba anataka fungu kubwa, lakini hapana, anahitaji kwanza kuwadharau wenzake kwa kuwa ni Wameksiko, watu ambao kwake hawastahili kugawiwa kitu.

Mtu ataniambia kwamba ninapindua mambo, kwamba tamaa hutangulia na udhuru hufuata, kama moshi ufuatavyo moto. Pingamizi hili lina filamu yake, tena kubwa zaidi: The Treasure of the Sierra Madre ya John Huston, ya mwaka 1948, yenye studio ya Warner Bros. na nyota Humphrey Bogart nyuma yake. Humo wanaume watatu wanachimba dhahabu katika mlima wa Meksiko, mbali na mji na sheria, na tamaa inampanda mmoja wao, Dobbs, polepole kama homa, hadi mwishowe upepo unalipeperusha lile vumbi la dhahabu kulirudisha lilikotoka. Kwa kila kipimo cha ufundi ni filamu bora kuliko ya Questi. Lakini tazama vizuri: Dobbs hampigi risasi mwenzake Curtin kabla ya kujiaminisha kwamba Curtin amepanga kumwua yeye. Hata juu ya mlima, pasipo na shahidi, mtu huyu anaanza kwa kujisomea kesi na kujipa ushindi. Tamaa ilikuwepo siku nyingi. Kilichokosekana hadi usiku ule ni hukumu. Aristotle naye hakuuweka uchu wa kutaka kuzidi fungu lako katika mjadala wake wa anasa za mwili. Aliuweka katika kitabu cha tano cha Maadili, kinachohusu haki. Mlafi wa chakula hahitaji kumsingizia mtu. Mlafi wa mali hawezi kula bila kwanza kueleza kwa nini fungu la mwenzake si la mwenzake.

Hapa ndipo Maandiko yanapokuwa makali kuliko mahubiri yake. Chukua ndama wa dhahabu. Hutajwa kila mara kama kisa cha watu walioiacha dini wakaabudu mali. Sura ya 32 ya Kutoka haisemi hivyo kirahisi: Haruni, baada ya kuitengeneza sanamu kwa pete za watu, anatangaza kwamba kesho yake ni sikukuu ya Bwana, yaani Mungu yuleyule aliyewatoa Misri. Katika Kurani mtengenezaji ni Samiri, na Nabii Harun anawakataza watu wasimsikilize. Tofauti hiyo ni kubwa na Waislamu wanailinda kwa sababu nzuri. Hata hivyo katika Sura Taha ndama anatambulishwa kwa watu kama mungu wao na mungu wa Musa. Simulizi mbili zinazotofautiana juu ya mkosaji zinakubaliana juu ya mbinu: dhahabu iliingizwa kambini kwa mlango wa ibada. Na ule usemi wa Waraka wa kwanza kwa Timotheo kuhusu kupenda fedha, usemi unaojulikana hata na wasioingia kanisani, umekaa aya tano tu baada ya onyo juu ya watu wanaoidhania dini kuwa njia ya kupatia faida. Aya ya kumi inahubiriwa kila mwaka. Ya tano haina bahati hiyo.

Mfano mzito zaidi, hata hivyo, ni aya ya 34 ya Sura At-Tawba, inayowaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mungu. Aya hiyo haianzi na matajiri. Inaanza na wanavyuoni na watawa wanaokula mali za watu kwa batili. Juu yake kulizuka ubishi maarufu huko Shamu kati ya Abu Dharr al-Ghifari, swahaba aliyeishi kwa ufukara wa hiari, na Muawiya aliyekuwa gavana wa huko. Muawiya alishika kwamba aya inawahusu Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Abu Dharr alishika kwamba inatuhusu sisi na wao pia. Tusimwonee Muawiya: mwanzo wa aya unawataja kweli wale anaosema, na usomaji wake una mguu wa kusimamia. Wanachuoni wengi wa baadaye nao hawakumfuata Abu Dharr katika ukali wake wote. Walisema mali iliyotolewa zaka haihesabiwi tena kuwa ndiyo ile hazina iliyolaaniwa, na bila kauli hiyo ni vigumu kuona biashara ya halali ingeishi vipi. Lakini suala la ubishi ule ni la ajabu kwa uwazi wake. Watu wawili wameafikiana kabisa kwamba kulimbikiza ni dhambi. Wanachogombania ni nani anayesemwa. Abu Dharr alimaliza maisha yake Rabadha, pembeni mwa jangwa, mbali na miji.

Ukiwa na hilo akilini, kisa cha Templer kinakuwa wazi. Sorrow anamteka Evan, kijana wa Templer, na kumtaka baba atoe dhahabu. Templer hatoi, na kijana, baada ya kudhalilishwa na watu wa Sorrow, anajiua. Ni rahisi kusema baba alipenda dhahabu kuliko mwanawe. Lakini jambazi wa kawaida angeweza kulipa, maana kwa jambazi dhahabu ni dhahabu. Kwa raia mwema, dhahabu hii haipo. Akiitoa anakiri kwamba mji ulinyonga watu ili uwaibie. Heshima yake, na si uchu wake peke yake, ndiyo iliyomfunga mkono. Baadaye dhahabu inafichwa ndani ya jeneza la Evan, mahali ambapo adabu inamkataza kila mtu kupekua.

Wako watakaosema kwamba filamu yenyewe haina haki ya kutufundisha chochote, kwa kuwa inafurahia damu inayodai kuilaani. Italia yenyewe iliizuia na kuikata vipande kwa ajili ya ukatili wake. Ni kweli ina picha ambazo hazihitajiki. Ila Questi alikuwa amepigana milimani kama mpiganaji wa msituni dhidi ya mafashisti, na alieleza kwamba aliyoyaona huko aliyatia humu. Zile nguo nyeusi za vijana wa Sorrow, rangi ya mafashisti wenyewe, hazikuchaguliwa na fundi wa mavazi kwa bahati. Shaka yangu mimi iko kwingine, kwenye mwisho. Nyumba ya Hagerman inawaka, dhahabu aliyoificha inayeyuka na kummwagikia usoni. Iwe Questi alijua au la, adhabu hiyo inafanana mno na ya aya ya 35 ya At-Tawba, ambapo mali iliyolimbikizwa inachomwa moto na wenyewe wakapigwa nayo chapa kwenye mapaji. Lakini Kurani inaiweka Siku ya Kiyama. Filamu inaishusha duniani ili mtazamaji aende kulala ametulia, na hapo inasema uongo.

Historia ya magharibi ya Marekani haikuenda hivyo. Dhahabu ilionekana Coloma, California, Januari 1848. Mwaka 1850 bunge la jimbo liliweka kodi ya dola 20 kwa mwezi kwa wachimbaji wa kigeni, na walioumia zaidi ni Wameksiko na Wachile, baadhi yao wachimbaji hodari kuliko wenyeji wapya waliowatungia sheria. Ilifutwa mwaka uliofuata. Mwaka 1852 ikarudi kwa kiwango kidogo, safari hii mzigo ukiwaangukia hasa Wachina. Katika miaka hiyohiyo jimbo lililipia misafara ya wanamgambo dhidi ya wenyeji wa asili wa ardhi ile, na serikali ya Washington ikarudisha sehemu kubwa ya gharama. Aliyoyafanya Oaks kando ya shimo kwa bunduki, wabunge waliyafanya mezani kwa kalamu na kura, kila hatua ikiwa na jina la sheria. Hakuna paa lililowaka juu ya vichwa vyao.