Fagio Lisifike Chini ya Mkakao

Kila mwaka baridi inapoanza kubisha hodi, familia nyingi za Japani hufunga safari kwenda milimani na kwenye mahekalu ya kale kutazama majani ya miti ya mepo yakigeuka kuwa mekundu. Asiye na nauli hutosheka na mepo mmoja aliouotesha karibu na mlango wake. Ni mti mdogo usio na haraka ya kukua, haupendi jua kali la mchana wala maji yanayotuama mizizini. Kijijini Mofu, kwenye bonde la Kilombero nchini Tanzania, usingeishi. Unahitaji miezi ya baridi kali ili upumzike, na bonde hilo, lililolala chini ya milima ya Udzungwa, halina baridi ya namna hiyo.

Bonde, hata hivyo, lina mti wake wa majani mekundu. Mkakao unapochipua, majani machanga hutoka na wekundu wa shaba, laini, yakining'inia hata mgeni akadhani mti unaumwa. Baada ya wiki chache hukaza na kuwa ya kijani kibichi. Nao hupenda kivuli, kwa kuwa kwao ni misitu ya Amazon, ambako huishi chini ya miti mirefu kuliko wenyewe. Tanzania nzima, jina la kakao hutajwa pamoja na Kyela, lakini Kilombero nayo imo. Kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi mwaka 2013 Mbingu, si mbali na Mofu, ikinunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo na kuivundika yenyewe. Wengi wa wakulima hao hawana mashamba ya kutisha. Miti ya baadhi yao iko nyuma ya nyumba, mgombani, hatua chache kutoka jikoni.

Mti wa nyuma ya nyumba hutunzwa kwa namna yake. Mbegu ya kakao ikishatolewa kwenye tunda hufa upesi, kwa hiyo anayetaka miche huipanda kwenye viriba ndani ya siku chache. Migomba hutangulia ili mche ukute kivuli. Mvua za bonde hili huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei, na ndio msimu ambao familia nyingi huhamia mashambani kulima mpunga na kulala kwenye vibanda vya huko. Mche hubaki nyumbani na mvua yake. Adui ni mbuzi, na uzio wa matete humzuia. Kiangazi kinapokuja, watu wamerudi, na maji yaliyooshea mchele humwagwa shinani jioni badala ya kutupwa. Kalenda ya mpunga na ya mkakao hazigombani.

Kinachogombana ni fagio.

Mofu, kama kwingineko nchini, uwanja hufagiliwa alfajiri. Mwanamke au binti huinama na fagio la chelewa, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaacha mistari iliyopangana mchangani, na jua linapochomoza hakuna jani lililobaki. Apitaye njiani hupima nyumba kwa uwanja huo. Mke mgeni husifiwa au husengenywa kwa uwanja huo. Ni heshima ya kweli, na mwenye kuidharau hajui jasho lililomo.

Sasa mkakao unataka kinyume chake. Maua yake ni madogo, meupe yenye michirizi ya zambarau, mengine hayazidi ukucha wa kidole kidogo, nayo huota moja kwa moja kwenye shina na matawi makubwa. Mti mmoja hutoa maelfu kwa mwaka, na yanayokuwa matunda hayafiki hata matano katika kila mia. Ua hufunguka asubuhi. Lisipochavushwa ndani ya siku moja au mbili, hudondoka. Nyuki ni mkubwa mno kwa kazi hiyo. Anayeiweza ni usubi, mdudu wa milimita mbili tatu, na usubi huyo huzaliana kwenye majani yanayooza, maganda na magogo ya mgomba yenye unyevu. Katika miaka ya 1980, mtafiti Allen Young alichunguza jambo hili Costa Rica, akaona kuwa vipande vya magogo ya migomba vilivyoachwa vioze chini ya mikakao huwa mazalia mazuri ya wadudu hao. Anayefagia chini ya mkakao mpaka udongo ung'ae anafukuza wachavushaji wa mti wake mwenyewe. Tena anauvua udongo nguo yake. Jua la Septemba huupasua, na mizizi ya juu, ile inayokula, hukauka.

Hapo ndipo mti unapouliza swali gumu kwa mwenye nyumba: uwanja huu unatunzwa kwa ajili ya nani? Kuna kazi inayoonekana na apitaye, na kuna kazi isiyoonekana na yeyote isipokuwa aliye ndani. Jamii yetu imejua sana kuisifu ile ya kwanza. Mama anayeacha majani kwa makusudi, akijua kwa nini, anastahili sifa ileile ya yule mwenye mistari mchangani, na jirani angefanya vema kumwuliza kabla ya kumwita mvivu.

Hofu za wanaofagia, hata hivyo, zina msingi. Nyoka hujificha kwenye takataka, na bonde hili limezika wengi kwa malaria. Mbu wa malaria hazaliani kwenye majani makavu, anahitaji maji yaliyosimama. Lakini ganda la kakao lililotupwa wazi hujaa mvua, na mbu wa aina nyingine, wakiwemo wanaoeneza dengi, hutaga humo. Wenye busara huacha ukanda mpana uliofagiliwa kati ya nyumba na miti, majani hubaki chini ya miti tu, na maganda hukatwakatwa au kufukiwa. Ganda lenye ugonjwa wa kuoza na kuwa jeusi huondolewa kabisa, lisije likaambukiza mengine.

Mavuno nayo yana adabu yake. Tunda huiva miezi mitano hadi sita baada ya ua, na halinyofolewi. Hukatwa kikonyo kwa kisu kikali, maana pale pale lilipokuwa ndipo maua ya mwakani yatakapotokea, na gome likichanika, pahali hapo pamekufa. Mkono wenye haraka huua mavuno ambayo haujayaona.

Na mikono hiyo ni ya nani? Mara nyingi ni ileile iliyoshika fagio na kumwaga maji ya mchele. Lakini Machi 2024, bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, mti uliokuwa wa uani ukawa mali, na mali katika familia nyingi huwa ya baba na ndugu zake. Mjane hujua hilo mapema kuliko wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kuanzia mwaka 2016 programu ya serikali ya upimaji ilipita vijijini Kilombero, Ulanga na Malinyi ikitoa hati za hakimiliki za kimila, ambazo mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja.

Baba wa Mofu unayechimba mashimo ya miche kabla ya mvua za mwaka huu, nenda kwanza ofisi ya kijiji na mwenzako. Hakikisheni jina lake limo kwenye hati ya kiwanja mnachopanda.