Anayechukuliwa na Maji Ana Hiari?

Katika karne za mwanzo za Uislamu, Jabariya walishikilia kwamba mwanadamu hana tendo lake mwenyewe, na Kadariya wakamkabidhi matendo yake yote. Katika Ukristo, mwanzoni mwa karne ya 5, Agostino naye alibishana na Pelagio kuhusu neema na hiari. Mabishano hayo yanapofika mitaani, hugeuzwa mizani: nguvu ya nje ikizidi, hiari hupungua. Aliyefilisika husema Mungu ndivyo alivyopanga. Aliyefanikiwa hudai ni jasho lake tu. Naona mizani hiyo haipo, na viumbe wadogo wanaoelea majini wanatusaidia kuliona hilo.

Katika Ziwa Victoria wamo mabuu wa wadudu wanaoitwa Chaoborus, wale ambao wakikomaa huruka juu ya ziwa kwa makundi yanayofanana na moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Buu huyu hawezi kushindana na mkondo. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, huchanganya maji ya juu na ya chini, na yeye huchukuliwa humo. Lakini ana vifuko vya hewa vinavyomwezesha kupanda na kushuka. Mchana hujificha kwenye tope. Usiku hupanda kutafuta chakula. Katika Bahari ya Hindi, minyoo wengi wenye umbo la mshale hupanda na kushuka vivyo hivyo, huku mkondo wa pwani ukielekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Kwa kuwa maji ya kina tofauti hayaendi sawa, kiumbe anayebadili kina hubadili pia mahali atakapofikishwa. Hausimamishi mkondo, wala si mzigo mtupu ndani yake.

Atakayepinga atasema buu hana akili. Mwanga ndio unaomwamuru. Ni kweli, nami simpi buu dhamiri. Ninachothibitisha kwake ni kwamba kuchukuliwa na kujiongoza vinaweza kukaa katika mwendo mmoja bila kimoja kula sehemu ya kingine. Mwanadamu ana zaidi ya hapo: anaweza kuipima sababu inayomsukuma na kuikataa. Kwa hiyo kuamini kudra hakumfutii wajibu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wapo wasio na kina cha kuchagua. Ziwa linakubali hilo pia. Miezi ambayo maji hayachanganyiki, oksijeni hupungua sana chini, na samaki wengi hawawezi kukaa huko, ilhali buu wa Chaoborus anastahimili na hivyo huwakwepa. Nafasi hazilingani. Ndiyo maana kumwambia maskini kwamba alijitakia ni dhuluma, sawa na kumwambia kwamba Mungu ndiye aliyemtaka awe hivyo. Kabla ya kumhukumu mtu, tuulize alikuwa na njia zipi mbele yake, na ni nani aliyeziziba. Imani inayokiri kwamba Mungu ndiye mwenye pepo na maji inatudai tuzizibue zile zilizozibwa na binadamu.